MASOMO NG'AMBO NA UKAAZI WA KUDUMU: TUIJUE NJIA KABLA YA SAFARI

(Mada hii ilitolewa kwa vijana baada ya sala ya tarawehe, Likoni. Imeandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyetujaalia kuufikia tena mwezi huu mtukufu wa Ramadhan. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu msomaji, pale kikaoni nilianza kwa swali, na wewe pia nakuuliza. Ukipewa leo barua ya kukubaliwa chuo ng'ambo, swali lako la kwanza litakuwa gani? Mmoja alisema, "Viza yapatikana?" Wa pili akasema, "Nauli ni pesa ngapi?" Wa tatu, kijana wa Mtongwe aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akasema lile ambalo wengine waliliogopa: "Nikishafika, nifanye nini nisirudi?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo nilishaletewa na ndugu yangu wa damu, usiku wa manane, naye alikuwa analia.

Ni mtoto wa ammi yangu, mkaazi wa Kisauni. Amenipa ruhusa nisimulie bila ya kumtaja jina. Mwaka 2022 alipata nafasi ya kusoma diploma ya miaka miwili katika chuo kimoja cha binafsi nchini Kanada. Aliyemtafutia ni ejenti. Ammi aliuza kiwanja chake cha Mtopanga, na mama yake akauza bangili za dhahabu alizoolewa nazo. Ejenti aliwaambia kwamba mtoto akimaliza tu atapewa kibali cha kazi, na baada ya hapo "karatasi" zaja zenyewe. Mwaka 2024 alipomaliza ndipo alipogundua kwamba chuo kile hakimo katika orodha ya vyuo ambavyo wahitimu wake hupewa kibali cha kazi. Diploma anayo mkononi, na siku za viza zinakwisha.

Nitarudi kwake. Kwanza tuieleze njia yenyewe, maana wengi wetu tunaizungumza kwenye baraza na hatuijui.

1. FERI SI KIWANJA

Sisi watu wa Likoni neno "ng'ambo" twalijua vizuri kuliko watu wengine. Kila siku twavuka. Lakini je, kuna mtu aliyepanda feri, akateremka upande wa kisiwani, kisha akadai kwamba sasa ana kiwanja kule? Hakuna. Feri yakuvusha tu. Viza ya mwanafunzi ni feri. Yakufikisha ng'ambo kwa kazi moja, nayo ni kusoma.

Baada ya hapo kuna hatua nyengine tatu, na kila moja ina mlango wake, fomu yake na masharti yake. Kuna kibali cha kazi baada ya masomo. Kuna ukaazi wa kudumu, yaani ruhusa ya kuishi na kufanya kazi bila ya kuomba tena kila mwaka, ingawa paspoti yako bado ni ya Kenya. Kisha kuna uraia. Anayekwambia kwamba viza ya mwanafunzi ni ukaazi, basi ama hajui au anataka pesa zako.

2. KANADA

Hii ndiyo nchi inayotajwa sana na vijana wa hapa kwetu, kwa hivyo niichambue zaidi.

Ukimaliza chuo kinachokubalika, waweza kuomba kibali cha kazi baada ya masomo. Kozi ya chini ya miezi minane haikupi kitu. Kozi ya miezi minane hadi chini ya miaka miwili yakupa kibali cha muda sawa na kozi. Kozi ya miaka miwili au zaidi yakupa miaka mitatu, na tangu Februari 2024 digrii ya pili pia yaweza kukupa miaka mitatu hata ikiwa ni fupi kuliko miaka miwili. Una siku 180 za kuomba baada ya kumaliza. Na shika hili: kibali hiki hutolewa mara moja tu maishani. Ukikitumia kwa kozi ndogo, hutakipata tena kwa kozi kubwa.

Tangu Novemba 2024 wameongeza mtihani wa lugha kwa wanaokiomba, na kwa wengi waliosoma diploma za kolegi wakaongeza sharti kwamba fani iwe ile inayohitajika nchini mwao. Hivyo mwenye digrii ya chuo kikuu na mwenye diploma hawako sawa tena.

Ukishapata kibali, watafuta kazi ya ujuzi na kuifanya mwaka mmoja kamili, yaani saa 1,560. Hapo ndipo waweza kuingia katika mfumo wao wa pointi, ulioanza Januari 2015, kwa mlango wa wenye uzoefu wa kazi ndani ya Kanada. Pointi zahesabiwa kwa umri, elimu, lugha na kazi. Umri wa miaka 20 hadi 29 ndio wenye pointi nyingi zaidi. Mwenye pointi za kutosha hualikwa kuomba ukaazi, na asiyefikia kiwango hungoja.

Hapa pana mtego uliomnasa ndugu yangu mara ya pili. Yeye alidhani zile saa alizofanya kazi ghalani akiwa mwanafunzi zinahesabiwa. Hazihesabiwi. Kazi uliyoifanya huku ukisoma masomo ya kutwa haiingii katika ule mwaka mmoja, na isitoshe kazi ya kubeba maboksi haimo katika daraja ya kazi za ujuzi. Alichoka bure kwa upande wa karatasi, ijapokuwa alilipa kodi ya nyumba.

Faida moja ambayo vijana wetu hawaitumii ni Kifaransa. Tangu mwaka 2023 Kanada imekuwa ikiwaita katika makundi maalum waombaji wanaokijua vyema Kifaransa, mara nyingi kwa pointi za chini kuliko wengine. Alliance Française iko hapa hapa Mombasa. Sisi tuliohifadhi juzuu za Kiarabu tukiwa na miaka kumi, twashindwaje na Kifaransa tukiwa na ishirini?

Lakini pia ujue kwamba mlango umebanwa. Januari 2024 serikali yao iliweka kikomo cha vibali vya wanafunzi, ikilenga kupunguza vipya kwa asilimia 35 ukilinganisha na mwaka 2023, na mwaka 2025 wakapunguza tena. Pesa za matumizi ambazo mwanafunzi mmoja lazima azionyeshe, mbali na ada na nauli, zilipanda kutoka dola za Kanada 10,000 hadi 20,635 kuanzia tarehe 1 Januari 2024, na tangu hapo zimeongezwa tena.

3. UINGEREZA, MAREKANI NA UJERUMANI

Uingereza ilifungua tarehe 1 Julai 2021 njia ya wahitimu, inayokuruhusu kubaki miaka miwili ukifanya kazi, au mitatu kwa mwenye digrii ya udaktari. Kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027, ile miwili imepunguzwa kuwa miezi 18. Miaka hiyo, pamoja na ile ya masomo, haihesabiwi katika njia ya ukaazi ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Hesabu ile huanza pale mwajiri anapokudhamini, na kima cha chini cha mshahara kwa kawaida kimepanda hadi pauni 41,700 kwa mwaka tangu Julai 2025. Njia hiyo kwa muda mrefu ilikuwa ya miaka mitano, na Mei 2025 serikali yao ilitangaza nia ya kuifanya kumi. Na wewe dada au ndugu unayetaka kwenda na mwenzio: tangu Januari 2024 wanafunzi wengi hawaruhusiwi kufuatana na mke, mume wala watoto, isipokuwa wale wa utafiti na wachache wengineo.

Marekani, mwanafunzi anapoomba viza anatakiwa amridhishe afisa kwamba atarudi kwao. Akimaliza huruhusiwa mwaka mmoja wa kazi ya fani yake, na waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hesabu waweza kuongezewa miezi 24. Baada ya hapo wengi hutegemea viza ya kazi inayotolewa kwa bahati nasibu, nafasi 65,000 kwa mwaka na 20,000 zaidi kwa wenye digrii za juu za huko. Tena Septemba 2025 rais wao alitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo, hasa kwa walioko nje ya nchi. Kadi ya kijani kwa kawaida huja baadaye, mwajiri akikuombea.

Ujerumani haina sifa sana barazani kwetu, lakini ukiangalia masharti yake utashangaa. Vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo. Unachotakiwa ni kuweka pesa za kuishi katika akaunti maalum, yuro 11,904 kwa mwaka kwa kiwango kilichowekwa 2024, ambazo ni zako mwenyewe na wazichukua kidogo kidogo kila mwezi. Ukimaliza digrii wapewa hadi miezi 18 kutafuta kazi inayofanana na elimu yako. Ukiipata, ukaifanya miaka miwili huku ukichangia mfuko wao wa uzeeni, na ukajua Kijerumani cha daraja ya B1, waweza kuomba ukaazi wa kudumu. Lugha ndiyo mlima. Mimi mwenyewe nimeanza kuipanda, na kila jioni natatizika na majina yao yenye jinsia tatu. Lakini mlima waonekana, na kilele chake chajulikana kiko wapi.

Hapa nitoe tahadhari. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin. Siku hiyo hiyo zikaenea habari kwamba Ujerumani itachukua Wakenya 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha. Mkataba ule hauna idadi yoyote. Basi mtu akija hapa Magongo au Bamburi kukuuzia "nafasi yako" katika zile laki mbili na nusu, jua kwamba auza hewa.

4. NCHI ZA KIISLAMU

Wengi wetu tuliopitia madrasa hutamani Madina, Cairo au Khartoum. Hizo ni safari za elimu, na hakuna elimu bora kuliko hiyo. Lakini kusoma Saudia hakukupi njia ya ukaazi. Ukaazi maalum walioanzisha mwaka 2019 ni wa wenye mali na sifa maalum, na ule wa kudumu ulipoanza ulitozwa riyali 800,000. Ukimaliza, kwa kawaida unarudi. Na vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, wanafunzi wetu wa Kenya waliokuwa kule ilibidi wahamishwe, na wako walioacha vitabu na vyeti nyuma. Kwa hivyo anayekwenda huko aende kwa nia ya elimu, na nakala za vyeti vyake aziweke nyumbani pia.

5. MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KULIPA SHILINGI MOJA

Kwanza, sahihisha majina yako. Ndugu zangu, hili latuumiza sisi Waislamu wa pwani kuliko wengine. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cheti cha shule Muhammad, kitambulisho Mohammed. Dada ni Khadija madrasani na Hadija katika paspoti. Kwetu sisi ni mtu mmoja. Kwa afisa aliyeko Ottawa ni watu watatu. Sahihisha hapa, mapema, kwa wakili na hati ya kiapo au ya kubadili jina, kabla ya kuomba paspoti. Usisubiri barua ya chuo ndio uanze kumtafuta babu akueleze jina lake lilivyoandikwa. Wengi wetu twajua taabu ya kuhojiwa mpaka kwa babu ili kupata kitambulisho. Rais alitangaza Februari 2025 kuondolewa kwa uhakiki ule, lakini makosa ya herufi yaliyomo katika karatasi zetu hayaondoki kwa tangazo.

Pili, kihakiki chuo wewe mwenyewe. Kila chuo cha Kanada kinachoruhusiwa kupokea wanafunzi wa nje kina namba, na orodha iko katika tovuti ya serikali yao. Orodha hiyo yaonyesha pia kama wahitimu wa chuo hicho wapewa kibali cha kazi. Kuisoma ni bure. Lau tungeisoma dakika kumi mwaka 2022, kiwanja cha Mtopanga kingekuwa bado cha ammi yangu. Mimi nilikuwa na simu yenye intaneti mfukoni, na sikuisoma. Lawama hiyo naibeba.

Tatu, usiamini kwa sababu mwenye kukuletea ni mkubwa. Wazazi wa Uasin Gishu walilipa malaki ya shilingi katika mpango wa kaunti yao wa kupeleka watoto vyuoni Finland na Kanada. Mwaka 2023 walikuwa wanaandamana Eldoret, watoto wengine hawajasafiri na wengine waliosafiri ada zao hazijalipwa, na viongozi wakafikishwa mahakamani kujibu mashtaka. Ikiwa muhuri wa kaunti haukuwatosha wao, je, kadi ya ejenti itakutosha wewe?

Nne, barua na taarifa za benki ziwe za kweli. Tangu Desemba 2023 Kanada huulizia chuo chenyewe kuhakikisha kila barua ya kukubaliwa. Anayepatikana na udanganyifu hufungiwa milango kwa miaka mitano.

6. NDOA YA KARATASI

Sasa nirudi kwa ndugu yangu. Usiku ule alinipigia akasema kuna mwanamke amepatikana, mwenye uraia, atafunga naye ndoa kwa malipo ya awamu, halafu wataachana karatasi zikitoka. Akaniuliza, "Wewe umekaa chuoni mpaka umekhitimu. Hii ni ndoa au si ndoa?" Wallahi ulimi wangu uliganda. Niliwaza bangili za mama yake. Niliwaza kiwanja. Nikamwambia nipe siku moja.

Asubuhi nikamwendea ustadh wetu. Hakunifungulia kitabu. Aliniuliza tu, "Akifa kesho, yule mwanamke ataka kumrithi na kukaa eda? Na yeye, yuwamkubali kama mkewe kwa Mola wake? Ikiwa wote wawili hawataki hayo, basi wamemshuhudisha Mwenyezi Mungu na serikali jambo ambalo wenyewe hawaliamini." Mimi si mufti, na hukumu za kina nawaachia masheikh. Lakini maneno yale nilimfikishia kama yalivyo. Nikaongeza la dunia: hata sheria za kule zaihesabu ndoa hiyo kuwa ni udanganyifu.

Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Mama atasema nini?" Hilo nalo nililiuliza. Nilikwenda Kisauni nikamweleza mama yake yote, pamoja na habari ya yule mwanamke. Bi mkubwa alikuwa akichambua mchicha wa futari. Akasema, "Mwambie arudi. Zile bangili nilipewa mimi, sikupewa yeye, nimezitumia nipendavyo."

Alirudi kabla ya viza kwisha, na leo yuwafanya kazi katika yadi ya makontena Miritini. Kuna wanaomcheka mtaani. Lakini faili lake ni safi, kwa sababu hakukaa siku moja bila ya ruhusa wala hakusema uongo. Akitaka kuomba tena, kwa chuo cha sawa, anaweza. Mwenzake waliyesafiri pamoja alichagua kujificha. Huyo hawezi kuomba na hawezi kuja kumzika baba yake.

7. NYUMBANI JE?

Tusifikiri anayepata ukaazi ameihama dini au nchi. Wakenya walioko nje walituma nyumbani dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na madrasa zetu kadhaa zimeezekwa kwa pesa hizo. Katiba ya 2010, kifungu cha 16, yasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyengine. Zamani haikuwa hivyo. Aliyechukua paspoti ya pili ya kwetu aliipoteza. Siku hizi wajibu wako ni kuitaarifu serikali ndani ya miezi mitatu tangu upate uraia wa pili, na ujue kwamba nyadhifa nyingi za juu serikalini hazishikwi na mwenye uraia wa nchi mbili.

Na ukaazi pia una haki zake. Wa Kanada wakutaka uwe kule angalau siku 730 katika kila miaka mitano. Ukitaka uraia, siku 1,095 katika miaka mitano kabla ya kuomba. Kwa hivyo yule anayesema, "Nitachukua karatasi halafu nije nikae zangu Shelly Beach", aanze kwa kuhesabu siku.

Ndugu yangu, dada yangu, sikuandika haya nikuvunje moyo. Nenda. Wazee wetu walivuka bahari kwa jahazi, na walijua pepo za kwenda ni miezi gani na za kurudi ni miezi gani. Hawakung'oa nanga kwa maneno ya mtu wa barazani. Nawe ujue upepo wako. Yaani chuo gani, kibali gani, kazi gani, miaka mingapi. Na ikishindikana, warudi vipi na uso wako.

Kila Jumamosi ya mwezi huu baada ya tarawehe tutakaa pale pale ukumbini. Mwenye barua ya chuo aje nayo, tuisome pamoja na tulitafute jina la chuo katika orodha kabla mzazi hajauza kitu. Hatutoi viza wala hatuchukui pesa. Njoo na miwani ya babako ikiwa maandishi ni madogo.

Twamuomba Allah (S.W.) atutakabalie funga zetu, awahifadhi ndugu zetu walio ugenini, na ajaalie riziki zetu ziwe za halali, ziwe hapa au ng'ambo. Amin.

Wabillahi tawfiq.